Jalada Linaahidi Nini? Ushauri kwa Watunzi wa Michezo ya Njozi Kutoka Isiolo

Jina la Isiolo liliingia katika maktaba za dunia mwaka 1960 likiwa limebebwa na simba. Mwaka huo Joy Adamson alichapisha Born Free, kisa cha Elsa, mtoto wa simba aliyelelewa na Joy na mumewe George, msimamizi wa wanyamapori wa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambaye makao yake yalikuwa Isiolo. Filamu ikafuata mwaka 1966. Tangu hapo wageni wengi wamekuwa wakifika Isiolo na picha moja kichwani: nyika, simba na Mzungu mwenye kofia pana. Wanachokikuta ni mji wa biashara. Maziwa ya ngamia yanakusanywa na kina mama wa ushirika wa Anolei ili yapelekwe Eastleigh, Nairobi, malori yanaelekea Moyale, wachuuzi wanauza bangili za shaba kando ya barabara, na Kiborana, Kisomali, Kiturkana, Kisamburu na Kimeru vinasikika kwenye mtaa mmoja.

Picha ile si ya uongo. Elsa alikuwepo, na Hifadhi ya Shaba, alikouawa Joy Adamson mwezi Januari 1980, imo ndani ya kaunti hii. Ila ni picha finyu, na imewatangulia wenyeji kwa zaidi ya miaka 60.

Ndiyo maana kijana wa Isiolo anayetaka kutunga mchezo wa njozi anapaswa kulishughulikia jalada mapema na kwa uzito, asiliache liwe kazi ya wiki ya mwisho kabla ya kupeleka kitabu kwa mchapishaji. Jalada ni ahadi. Mchezaji huisoma ahadi hiyo kwa kupepesa jicho, kisha hukaa mezani akingoja itimizwe. Isipotimizwa, lawama zote huangukia mchezo, hata kama sheria zake zimetungwa kwa ustadi.

Michezo inayozungumzwa hapa ni ile ya kuigiza wahusika. Watu wachache huketi pamoja. Mmoja wao ni msimulizi, na kila mmoja wa wengine ana mhusika wake: mwindaji, mganga, mwizi, shujaa. Msimulizi anaeleza hali ilivyo, mchezaji anasema mhusika wake atafanya nini, na dadu zinaamua kama amefaulu. Mchezo uliofungua njia hii, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974 kwa kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mara nyingi hakuna ubao wala vipande vya kusogeza. Kitabu chenyewe kimejaa maneno na majedwali, na mengine yote hutendeka akilini. Kwa sababu hiyo jalada la mchezo wa namna hii lina nguvu kuliko jalada la riwaya. Wachezaji watano wakiwa wameona picha moja tu ya ulimwengu wanaouingia, picha hiyo ndiyo itakayokuwa macho yao wote.

Mfano bora kabisa ni jalada la mwaka 1978 la kitabu cha wachezaji wa mchezo huo, Players Handbook, lililochorwa na David Trampier. Sanamu kubwa la mungu mwenye pembe limeketi katika ukumbi wa mawe. Wezi wawili wamelipanda hadi usoni na wanalikwanyua jicho, ambalo ni kito chekundu. Chini, vita vimekwisha. Mizoga ya viumbe nusu mtu nusu mjusi imelala sakafuni, mtu mmoja anaufuta upanga wake, wengine wanashauriana juu ya ramani. Hakuna anayepigana. Hata hivyo mtu aliyekitazama kitabu hicho dukani alielewa mara moja atakachofanya usiku ule: ataingia mahali pa hatari pamoja na wenzake, watagawana kazi, watachukua mali iliyofichwa, kisha watakata shauri waende wapi. Kila mtu katika picha ile ana shughuli yake, na shughuli hizo ndizo mchezo wenyewe. Katika majalada yote ya michezo hii hakuna lililosema kweli kulishinda hilo.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1983, lilitoka boksi jekundu la wanaoanza mchezo huo huo, na picha yake ilichorwa na Larry Elmore: shujaa ametupa mgongo, upanga mkononi, mbele yake joka jekundu limefunua kinywa juu ya hazina. Ni picha nzuri, na iliwavuta vijana wa nchi nyingi. Lakini sheria zilizokuwamo ndani ya boksi zilimfikisha mhusika ngazi ya tatu tu, na mhusika wa ngazi ya kwanza ni dhaifu kiasi kwamba panya wakubwa wa pangoni wanaweza kummaliza. Aliyeahidiwa joka alianza kwa kukimbia panya. Mchezo huo ulipona kwa sababu ulikwisha kuwa na jina, na ulikuwa na maboksi mengine ya kumpandisha mchezaji hatua kwa hatua. Mtunzi mpya wa Isiolo hatakuwa na kinga hiyo. Mchezo wake utahukumiwa kwa jioni ya kwanza.

Kwa hiyo kabla hajamwendea mchoraji, mtunzi na akae na wachezaji wake wa majaribio awaulize swali moja: tulitumia muda mwingi tukifanya nini? Jibu la kweli mara nyingi si vita. Huenda walibishana bei na mlinzi wa kisima, au walifuata nyayo usiku, au walikaa baraza wakimtetea mtu aliyeshtakiwa kwa wizi wa mifugo. Hilo ndilo la kuchorwa.

Wasomaji wa Kiswahili wana mfano wao wa jambo hili, nao ni Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mwaka 1951. Ukiwaambia watu kwamba Kusadikika ni nchi inayoelea hewani, mchoraji yeyote atashika brashi haraka: mawingu, milima isiyogusa ardhi, ndege wakubwa. Na kweli kuna safari humo, kwani wajumbe sita wanatumwa pande sita, kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, nao wanarudi na malipo yao huwa ni gereza. Lakini uti wa mgongo wa kitabu ni kesi. Karama amesimama mbele ya mfalme, Waziri Majivuno amemshtaki, na silaha pekee ya mshtakiwa ni maneno. Mtu akitunga mchezo kutokana na habari kama hiyo kisha akaweka kisiwa cha angani peke yake juu ya jalada, atapata wachezaji wanaotaka kuruka, naye atawaketisha mahakamani. Jalada la haki lingeonyesha mtu mmoja aliyefungwa mikono, akizungumza, na umati wote umenyamaza kumsikiliza. Nyuma yake, kupitia dirishani, mawingu yanapita chini ya sakafu. Maajabu yamo, na kazi ya mchezaji imo.

Mchoraji naye asiitwe mwishoni. Mchezo wa Dark Sun, uliotolewa na kampuni ya TSR mwaka 1991, unafaa kutazamwa kwa makini na mtu yeyote anayeishi kaskazini mwa Kenya. Ulimwengu wake, Athas, ni jangwa chini ya jua jekundu. Maji ni ya thamani, chuma ni adimu, na watu hupigana kwa silaha za mfupa, mawe na mbao. Sura ya ulimwengu huo ilitokana kwa sehemu kubwa na mchoraji kijana aitwaye Brom, ambaye picha zake zilianza kuchorwa wakati waandishi bado wanatafuta maneno, nao wakaandika wakizifuata. Matokeo yake ni mchezo ambao jalada na kurasa za ndani vinazungumza kwa sauti moja. Anayeliona jalada anahisi kiu kabla hajafungua kitabu, na akikifungua anakuta sheria za kuhesabu maji.

Watu wa TSR, huko Wisconsin, Marekani, walilibuni jangwa lao wakiwa katikati ya maziwa na theluji. Mtunzi wa Merti au Garba Tulla analijua la kwake kwa nyayo. Anajua Ewaso Nyiro unavyokauka ukabaki mchanga, na watu wanavyochimba mchangani humo humo wakapata maji. Mambo kama hayo Brom aliyakisia kwa brashi. Mwenyeji wa Isiolo hana haja ya kukisia. Basi na amketishe mchoraji wake kwenye vipindi vya majaribio tangu mwezi wa kwanza, achore huku wengine wakicheza, na picha zake ziruhusiwe kubadili sheria.

Hapo ndipo linapozuka tatizo la mgunga. Mwaka 2014 jarida la mtandaoni la Africa Is a Country lilianika pamoja majalada mengi ya riwaya za Kiafrika, na karibu yote yalikuwa na mti mmoja wa mgunga, jua linalozama na anga la rangi ya machungwa, bila kujali riwaya ilitoka nchi gani au ilihusu nini. Wachapishaji walikuwa wamezoea mti huo kama muhuri wa bara zima. Mtu wa Isiolo ana shida ya pekee, maana migunga kweli imemzunguka. Je, aikwepe?

Hapana, asiikwepe. Aichore kama mtu anayeitumia. Mgunga wa jaladani ni kivuli cheusi kisicho na jina, mbali kwenye upeo wa macho. Mgunga wa mfugaji una maganda yanayopukutishwa kwa fimbo ndefu ili mbuzi wale wakati wa kiangazi, una miiba inayokatwa kujengea boma, una gome lenye kovu palipotoka gundi. Mchoraji akiusogeza mti karibu hivyo, akaweka msichana na fimbo yake chini yake na macho ya kitu kisichojulikana kati ya matawi, mti ule ule uliochosha dunia unageuka kuwa mlango wa njozi ambayo hakuna mwingine awezaye kuiuza. Ukaribu ndio unaotofautisha picha ya mwenyeji na ya mpita njia. Hali ni hiyo hiyo kwa kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, kigoda cha Mturkana kinachogeuka kuwa mto wa kulalia, au matandiko ya ngamia wa mizigo. Vitu hivi vina umbo, vina uzito na vina kazi, na mchezaji akiviona jaladani atatarajia kuvikuta katika orodha ya vifaa vya mhusika wake. Na avikute.

Tahadhari moja inahitaji kusemwa waziwazi, kwa kuwa hapa jalada linaweza kuumiza watu. Isiolo ni mji wa jamii nyingi, na ugomvi wa malisho na mifugo umewahi kumwaga damu humo. Shanga, vazi, mtindo wa nywele na namna ya kushika fimbo humtambulisha mtu kwa kabila na rika mara moja. Mchoraji akimvika jambazi wa jaladani vazi la jamii fulani na akamvika shujaa vazi la jirani yake, hajachora njozi tena; ametoa shtaka, na litasomwa hivyo sokoni. Kuna njia ya kupita. Abuni mavazi mapya kabisa kwa watu wa mchezo, achanganye wahusika wa kundi moja ili wote wawe upande mmoja dhidi ya jambo kubwa kuliko wao, au adui awe ukame wenyewe uliopata mwili. Alama za ibada na za jando ziachwe, isipokuwa wazee wenyewe wamekubali.

Dini nayo haiwezi kurukwa. Kitabu cha msimulizi wa Dungeons & Dragons cha mwaka 1979 kilikuwa na ifriti mwekundu jaladani, jitu kubwa lililomshika mwanamke aliyevaa nguo kidogo. Miaka michache baadaye kulikuwa na wazazi wa Kimarekani walioamini kwamba mchezo huo ni ibada ya mashetani, na mwaka 1983 mmoja wao, Patricia Pulling, akaunda chama cha kuupinga. Mwaka huo huo kitabu kilipata jalada jipya la Jeff Easley, mtu mwenye joho anayefungua milango mirefu. Sheria za ndani zilibaki zile zile. Isiolo ni mji wa misikiti na makanisa, na neno ifriti halihitaji kufasiriwa kwa mtu yeyote aliyekulia kwenye hadithi za Alfu Lela Ulela. Mtunzi ana uhuru wa kuweka majini ndani ya kisa, kwani fasihi ya Kiswahili imewaweka humo karne nyingi. Akiwaweka jaladani, ajue kwamba mzazi ndiye atakayekiona kitabu kwanza, na mzazi hatasoma zaidi ya hapo.

Jaribio lenyewe ni rahisi na halina gharama. Mtunzi achukue mchoro wa awali, hata wa penseli, auonyeshe kwa mtu asiyejua lolote kuhusu mchezo, kwa muda wa pumzi mbili tatu, kisha aufiche na kuuliza: katika mchezo huu mtu anafanya nini? Ni wa watoto au wa wakubwa? Unatisha au unachekesha? Aulize mwanafunzi, mwalimu, mama muuza maziwa, ustadhi, kijana wa bodaboda. Wakijibu kwa kueleza mandhari tu, "kuna jangwa, kuna mtu na mkuki," mchoro haujafika. Wakijibu kwa kitenzi, "wanavusha kitu mtoni usiku," umefika.

Jaribio hilo lifanyike kwenye simu. Wanunuzi wengi wataliona jalada kwanza kwenye WhatsApp au kwenye duka la mtandaoni kama DriveThruRPG, likiwa dogo kama kidole gumba. Jalada la Trampier, pamoja na sifa zake zote, lina vitu vingi mno kwa ukubwa huo. Kinachobaki ni sanamu na jicho jekundu. Kwa bahati nzuri hicho kinatosha, na humo mna funzo: kila mchoro uwe na kitu kimoja kinachoonekana hata ukipunguzwa. Jina la mchezo liandikwe kwa herufi nene zinazosomeka juani. Nyuma ya kitabu paelezwe kwa Kiswahili cha kawaida wachezaji wangapi wanahitajika, umri wao, muda wa kipindi kimoja na vifaa vya lazima. Kwa wengi huu utakuwa mchezo wa kwanza wa aina yake, na wasipoambiwa kwamba hauna ubao watadhani wamepunjwa.

Mikataba nayo ina mtego ambao vijana wengi hawaujui. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine. Mchoraji anayetaka kubaki na haki ya kuuza mabango au fulana za picha yake lazima ahakikishe hilo limeandikwa. Mtunzi naye akitaka kuitumia picha kwenye matoleo yote yajayo, aseme hivyo kwenye karatasi na alipe bei inayolingana. Kazi inaweza kusajiliwa na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO.

Kunakili picha za wengine ni kosa la zamani. Hata boksi la kwanza kabisa la Dungeons & Dragons, la mwaka 1974, lilikuwa na mpanda farasi aliyenakiliwa kutoka jarida la katuni la Marvel. Siku hizi kishawishi kimehamia kwenye akili unde. Mwaka 2023 ilibainika kwamba mchoraji wa kitabu kimoja cha mchezo huo huo alitumia akili unde kukamilisha picha. Wapenzi wa mchezo walikasirika, na kampuni inayouchapisha sasa ikawakataza wachoraji wake kuitumia. Kwa mtunzi wa Isiolo hasara ni kubwa zaidi ya fedheha. Mashine imelishwa maelfu ya migunga ya machweo, na ukiiomba kaskazini mwa Kenya ndiyo itakayokupa.

Afrika Mashariki ina watangulizi wa kuigwa. Frank Odoi, aliyezaliwa Ghana akafanya kazi Nairobi hadi kifo chake mwaka 2012, alichora Akokhan, hadithi ya nguvu za ajabu ambayo haikuazima ngome wala joka kutoka Ulaya. Shujaaz, jarida la vibonzo lililoanza mwaka 2010 na kusambazwa bure nchini Kenya, limewazoesha vijana kuona nyuso zao na mitaa yao jaladani. Anayetaka kukutana na wachoraji wa aina hii ataanzia maonyesho ya vibonzo ya NAICCON jijini Nairobi, ingawa hana sababu ya kusafiri mbali kabla hajatazama nyumbani. Walioandika na kuchora mabango ya maduka ya Isiolo, vinyozi na hoteli, wanajua kumsimamisha mpita njia kwa rangi tatu na ukuta mmoja. Mtunzi na awatafute sasa, sheria zikiwa bado kwenye daftari, awape kiti mezani na dadu mkononi, na kazi yao ailipe kwa bei waliyopatana.